Bajeti ya Kaunti Inavyogusa Usalama wa Nyumba Yako

Kijitabu cha elimu kwa familia zinazosema Kiswahili nchini Marekani

Kijitabu hiki ni cha nani

Tumekiandika kwa ajili ya waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu wakapitia kambi za Nyarugusu au Nakivale, pamoja na ndugu zao wa Burundi, Tanzania na Kenya ambao sasa makazi yao ni Marekani. Katika mwaka wa fedha 2016 pekee, nchi hii ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Mgeni akifika hufundishwa mapema kwamba akiwa hatarini apige 911. Hilo ni jema. Lakini polisi akishaondoka na mtuhumiwa, kazi ndiyo kwanza inaanza, na ofisi inayoifanya kazi hiyo wengi wetu hatuijui. Wanaojua kwamba fedha za ofisi hiyo hupangwa mjini kwao, katika kikao ambacho hata wao wanaruhusiwa kuingia, ni wachache zaidi.

Anayeshtaki si polisi

Polisi hukamata na kuandika taarifa. Anayeamua kama mtu atashtakiwa, na kwa kosa gani, ni mwendesha mashtaka. Yeye na mawakili wake husoma faili, huita mashahidi, husimama mbele ya jaji, na wakiona ushahidi hautoshi huiacha kesi. Mtu aliyekamatwa bila hati ya mahakama hawezi kuwekwa mahabusu hivi hivi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1991 kwamba, kwa kawaida, sababu za kumkamata zipitiwe na mahakama ndani ya saa 48. Ofisi ya mashtaka ikikaa kimya, mtuhumiwa huachiwa arudi nyumbani, hata kama polisi alifanya kazi yake yote vizuri.

Huko tulikotoka mambo ni tofauti. Tanzania ina Mkurugenzi wa Mashtaka anayeteuliwa na Rais. Kenya ina ofisi huru ya mashtaka chini ya Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010. Kongo nayo, waendesha mashtaka huteuliwa na Rais. Hakuna diwani wa Kasulu wala mwakilishi wa wadi wa Malindi anayeipangia ofisi hiyo bajeti. Ndiyo maana tukihamia hapa tunadhani kwamba mwendesha mashtaka ni mtu wa serikali kuu, aliye mbali na asiyefikika.

Katika majimbo mengi ya Marekani si hivyo. Yapo machache, kama Alaska, Connecticut na New Jersey, ambako waendesha mashtaka huteuliwa. Kwingineko kwa kawaida huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kaunti au wilaya yao ya mahakama. Sehemu kubwa ya fedha za ofisi hutoka kaunti, na makamishna wa kaunti ndio wanaoamua zitakuwa kiasi gani. Chanzo kikuu cha fedha za kaunti ni kodi ya majengo na ardhi. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe ni mpangaji hilo halikuhusu: mwenye nyumba ameshaiingiza kodi hiyo ndani ya pango unalolipa kila mwezi. Kwa hiyo ofisi hiyo unailipia, na una haki ya kuuliza inafanya nini.

Yaliyotokea Topeka mwaka 2011

Topeka ni mji mkuu wa jimbo la Kansas na makao ya Kaunti ya Shawnee. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, kaunti nyingi zilibanwa kifedha, na Shawnee ilikuwa mojawapo. Makamishna wake walipopanga bajeti ya mwaka 2012 waliikata ofisi ya mashtaka asilimia 10. Mwendesha mashtaka, Chad Taylor, alitangaza tarehe 8 Septemba 2011 kwamba kwa fedha zilizobaki hataweza kushughulikia makosa madogo yanayotendeka ndani ya mji. Kesi hizo, alisema, ziende kwa mji wenyewe.

Miongoni mwa makosa hayo madogo yalikuwemo mashambulio ya majumbani: mume anayempiga mkewe, kijana anayempiga mama yake.

Mji nao ukajibu kwamba hauna fedha, wala mahabusu, wala watumishi wa kuzibeba kesi hizo. Malumbano yakaendelea kwa wiki kadhaa, na wakati wote huo watu walikuwa wanapigwa. Polisi waliitwa, walikwenda, walikamata. Kisha waliokamatwa waliachiwa bila kufunguliwa mashtaka. Taarifa za wakati ule zilitaja watu wapatao 18. Fikiria mwanamke aliyepiga simu usiku, akamwona mume anachukuliwa kwa pingu, akadhani amepata nafasi ya kupumua. Baada ya siku mbili mlango unafunguliwa, na aliyeingia anajua ni nani aliyepiga simu ile. Kwetu sisi, hapo ndipo hatari yote ya mgogoro huu ilipo. Mwathirika aliyeita polisi halafu mashtaka yasifunguliwe anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko kabla hajaita.

Tarehe 11 Oktoba, baraza la mji lilipiga kura 7 kwa 3 kuifuta sheria ndogo ya mji iliyokataza shambulio la nyumbani. Habari hiyo ilizunguka nchi nzima na watu wengi wakaielewa vibaya, wakasema Topeka imeruhusu kupiga wake. Haikuwa hivyo. Sheria ya jimbo la Kansas ilibaki palepale na shambulio hilo liliendelea kuwa kosa. Baraza lilitaka mwendesha mashtaka wa kaunti asiwe na mahali pa kuisukumia kazi hiyo, na kesho yake alitangaza kwamba ataanza tena kuzishughulikia kesi hizo, kwa watumishi wachache alionao.

Tunavyoona, kila upande ulikuwa na hoja kuhusu fedha na hakuna uliokuwa na haki ya kufanya ulichofanya. Usalama wa wanawake wa mji mzima uligeuzwa fimbo ya kuchapana ofisi kwa ofisi. Tena hakuna aliyewauliza wenyewe.

"Kosa dogo" si jambo dogo

Sheria za Marekani hugawa makosa ya jinai katika makundi makuu mawili. Makosa makubwa ni yale yanayoweza kumpeleka mtu gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Madogo kwa kawaida hayazidi mwaka. Bajeti inapokatwa, ofisi ya mashtaka haiachi kesi za mauaji. Huacha hizi ndogo: wizi mdogo, kuvunja vioo vya gari, vitisho, kofi na ngumi za ndani ya nyumba. Kwenye karatasi huo huonekana ni uamuzi wa busara.

Ila kwa jeuri ya majumbani kuna jambo ambalo karatasi hiyo haionyeshi. Tangu mwaka 1996, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki mtu yeyote aliyehukumiwa kwa kosa dogo la kumshambulia mwenzi wake. Marufuku hiyo inategemea hukumu, na pasipo mashtaka hakuna hukumu. Kesi iliyoachwa kwa sababu wakili mmoja amepunguzwa kazini inaweza kumwachia bunduki mtu ambaye sheria ilikusudia anyang'anywe.

Mawakili wanapopungua, waliobaki hugawana mafaili ya walioondoka. Kesi ya miezi mitatu inafika mwaka. Shahidi amehamia jimbo jingine kufuata kazi ya kiwandani, mwathirika amechoka kuomba ruhusa kazini kila kesi inapoahirishwa, na siku ya siku hakuna wa kusimama kizimbani. Wengine wanaoondolewa ni washauri wa waathirika, wale wanaokupigia simu kukueleza tarehe ya mahakama, wanaokutafutia mkalimani na kukaa nawe barazani. Mishahara ya wengi wao hutoka katika mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1984, unaojazwa kwa faini za wahalifu wa kesi za shirikisho. Faini zikipungua mfuko hunywea, na kaunti iliyobanwa haiwezi kuziba pengo. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, kumkosa mshauri huyo ni kuikosa kesi yenyewe.

Anayeshtakiwa naye huumia

Tunajua kuna wasomaji watakaosema: waendesha mashtaka wakipungua, si afadhali? Vijana wetu si ndio wanaokamatwa? Swali hilo ni la haki, na sisi hatuamini kwamba kufunga watu wengi zaidi ndiko kunakoleta amani mtaani.

Lakini tazama jinsi ofisi iliyoelemewa inavyofanya kazi. Wakili asiye na muda wa kusoma faili hana pia muda wa kugundua kwamba aliyekamatwa siye, au kwamba ugomvi ule ungetulizwa kwa mpango wa ushauri nasaha nje ya mahakama. Humaliza kwa kumwekea mtuhumiwa makubaliano mezani: kiri kosa, uende nyumbani leo. Mtu asiye na fedha za dhamana, ambaye akikaa ndani wiki moja atapoteza kazi, hukubali.

Kwa asiye raia, kukiri huko kunaweza kumfukuzisha nchini. Sheria ya shirikisho inahesabu hukumu ya jeuri ya majumbani kuwa sababu ya kuondolewa nchini, hata kama adhabu ilikuwa ndogo. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2010 kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo kabla hajakiri. Basi usikiri kosa lolote kabla hujamuuliza wakili wako, kupitia mkalimani unayemwelewa: "Hili litaathiri vipi hali yangu ya uhamiaji?" Ukiona anaharakisha, sema hujaelewa. Una haki ya kusema hivyo mbele ya jaji.

Wapiga kura wenyewe wanapokataa

Lawama zote si za makamishna. Kaunti ya Josephine, kusini-magharibi mwa Oregon, kwa miaka mingi iliendeshwa kwa fedha za magogo yaliyokatwa katika misitu ya serikali kuu. Ukataji ulipopungua, ruzuku ya shirikisho iliyoanzishwa mwaka 2000 ikaziba pengo, hadi nayo ikakauka. Mei 2012 wakazi waliombwa kuongeza kodi ili kuokoa idara za usalama. Wakakataa. Ofisi ya mkuu wa polisi wa kaunti ikapunguza askari wengi, wafungwa wakaachiwa, na ofisi ya mashtaka nayo ikapungukiwa mawakili.

Agosti mwaka huohuo, alfajiri ya Jumamosi, mwanamke alipiga 911 akisema mpenzi wake wa zamani anavunja mlango. Aliyepokea simu alibaki naye hewani zaidi ya dakika kumi akimweleza kwamba hana askari wa kumtuma. Mwanamume yule aliingia, akamkaba na kumshambulia kingono. Kodi ya majengo ya kaunti ile ilikuwa ya chini kuliko zote katika jimbo la Oregon.

Unachoweza kufanya

Kama unapigwa au unatishwa, usisubiri uamuzi wa mwendesha mashtaka. Amri ya ulinzi hutolewa na mahakama ya madai, unaiomba mwenyewe, na Kansas haina ada ya kuifungulia. Anayeivunja anatenda jinai, kwa hiyo tembea na nakala yake. Simu ya taifa ya msaada kwa wanaoteswa majumbani ni 1-800-799-7233. Ni bure, ipo usiku na mchana, na ina wakalimani. Ukipokelewa, taja neno "Swahili" na usubiri.

Kuhusu bajeti, sheria za majimbo mengi zinaweka njia ya wananchi kusikilizwa kabla kaunti haijaipitisha. Kansas vikao hivyo huwa mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba. Kaunti ambazo mwaka wake wa fedha huanza Julai hukutana kabla ya hapo. Huhitaji uraia ili uingie na kuzungumza. Dakika chache unazopewa zitumie kuuliza mambo yanayohesabika: ofisi ya mashtaka ina nafasi ngapi za mawakili zilizo wazi, kesi za majumbani zinachukua muda gani, washauri wa waathirika wamebaki wangapi, na wakalimani wanalipwa kutoka fungu gani.

Kupiga kura ni jambo jingine. Mwendesha mashtaka huchaguliwa na raia tu. Asiye raia akijiandikisha au kupiga kura anavunja sheria na anaweza kuharibu ombi lake la uraia, hata kama aliambiwa na mtu kwamba inaruhusiwa. Mkimbizi kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 tangu kuingia nchini. Ukishaupata, usiishie kumpigia kura rais na kuiacha sehemu ya chini ya karatasi. Makamishna na mwendesha mashtaka wako huko.

Piga simu leo kwa karani wa kaunti yenu, uliza tarehe ya kikao kijacho cha bajeti, na uombe mkalimani wa Kiswahili mapema.