Mtu Mmoja, Majina Mawili: Mfano wa Somo la Historia

Katika kufundisha historia, mara nyingi tunawapa watoto hukumu kabla ya habari: huyu alikuwa shujaa, yule alikuwa katili. Mtoto hukariri hukumu hiyo bila kujua imetoka kwa nani. Ili kuepuka kosa hilo, tunapendekeza somo moja kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, juu ya James Douglas, kabaila wa Uskoti aliyefariki mwaka 1330.

Habari za somo

Baba yake Douglas aliwapinga Waingereza, akafia kifungoni London. Mfalme Edward I akampa Mwingereza, Robert Clifford, ardhi ya ukoo huo. Mwaka 1306 kijana Douglas alijiunga na Robert Bruce, mfalme mpya wa Uskoti, akawa hodari wa vita vya kuvizia. Mwezi Februari 1314 watu wake waliinyemelea ngome ya Roxburgh usiku wakitambaa. Walinzi wakadhani ni ng'ombe, na ngome ikatekwa. Aliongoza pia mashambulio kaskazini mwa Uingereza, ambako vijiji vilichomwa moto. Bruce alipofariki mwaka 1329, Douglas alikabidhiwa moyo wa mfalme aupeleke katika vita vya Wakristo. Aliuawa Teba, Hispania, akipigana na Waislamu wa Granada. Moyo ulirudishwa na kuzikwa Melrose.

Hatua za kufundisha

Kwanza, mwalimu asimulie habari hizi pasipo kusifu wala kulaumu.

Pili, aligawe darasa mafungu mawili: wana wa Waskoti walionyang'anywa ardhi, na wana wa wakulima wa Kiingereza waliochomewa maghala. Kila fungu limpe Douglas jina, na litaje sababu. Ndipo mwalimu aandike ubaoni majina yenyewe ya historia: Waskoti walimwita James Mwema, Waingereza, Douglas Mweusi. Mtoto akiuliza habari ya neno "mweusi", aelezwe kwamba Douglas alikuwa Mzungu mwenye nywele nyeusi, na kwamba vinywani mwa adui zake jina hilo lilibeba hofu.

Tatu, mwalimu aeleze chanzo. Mengi tunayoyajua juu ya Douglas yametoka kwa John Barbour, Mskoti aliyetunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1375. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hata hivyo Barbour huyohuyo anasimulia jinsi Douglas alivyowaua mateka katika ghala la ngome ya baba yake, mwaka 1307. Watoto waulizwe: kwa nini msifu hakulificha jambo hilo? Je, yawezekana yeye hakuliona kuwa aibu?

Kupima somo

Kila mtoto aandike sentensi tatu juu ya Douglas: moja ya Mskoti, moja ya Mwingereza, na moja ambayo wote wawili wangeikubali. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu, nayo ndiyo shabaha ya somo. Tusiwaharakishe watoto katika kuitafuta.