Vigae vya Porto: Kemia Iliyoandikwa Ukutani

Mji wa Porto, kaskazini ya Ureno, umejengwa kwa mawe magumu ya graniti. Hata hivyo, mgeni apitaye mitaani mwake huikumbuka zaidi rangi ya samawati kuliko rangi ya mawe. Makanisa, nyumba za kuishi, na hata stesheni ya gari moshi zimevikwa vigae vilivyochorwa, ambavyo Wareno huviita azulejo. Wengi hudhani kwamba jina hilo latokana na neno azul, yaani samawati. Sivyo, latokana na neno la Kiarabu zulayj, lenye maana ya jiwe dogo lililong'arishwa. Makala haya yanaeleza jinsi kigae kinavyotengenezwa, jinsi kinavyoweza kusomwa na mtu atembeaye kwa miguu, na sababu za kubanduka kwake.

KIGAE NI NINI?

Kigae kina sehemu mbili. Ya kwanza ni bamba la udongo wa mfinyanzi lililochomwa tanurini. Bamba hilo lina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, nalo hunyonya maji. Ya pili ni utando mwembamba wa kioo uliofunika upande mmoja wa bamba.

Utando huo hutokana na unga wa mchanga wa silika, oksidi ya risasi na oksidi ya bati, uliochanganywa na maji na kumiminwa juu ya bamba. Mchanga ndio ufanyao kioo. Risasi husaidia mchanga uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Oksidi ya bati haiyeyuki yote. Chembe zake hubaki zimetawanyika ndani ya kioo na kurudisha mwanga kila upande. Ndiyo maana kioo hicho huwa cheupe, kama vile matone madogo ya mafuta yanavyosaidia kuyafanya maziwa kuwa meupe.

Mchoraji hupaka rangi juu ya unga huo kabla haujayeyushwa. Unga hunywa rangi mara moja, kama karatasi ya kukaushia inywavyo wino. Mkono ukikosea, hakuna kufuta. Kisha kigae huchomwa mara ya pili, kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za sentigredi. Kobalti hutoa samawati, shaba kijani, manganizi zambarau, na antimoni pamoja na risasi hutoa manjano. Kobalti ilipendwa kwa sababu kiasi kidogo chake hutosha, nayo hustahimili moto wa tanuri.

Ufundi huu haukuzaliwa Ureno. Wafinyanzi wa Iraki waliutumia tangu karne ya 9, walipojaribu kuiga vyombo vyeupe vya China. Vipande vya vyombo vyao vimefukuliwa hata Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Kutoka nchi za Kiislamu ufundi ulifika Hispania, na kutoka huko ukaingia Ureno.

MATEMBEZI YA KILOMETA TATU

Mwanafunzi aweza kuanza katika stesheni ya São Bento. Ukumbi wake una vigae kiasi cha 20,000, kazi ya mchoraji Jorge Colaço, vilivyowekwa kati ya 1905 na 1916. Picha mojawapo yaonyesha kutekwa kwa Ceuta, kaskazini ya Afrika, mwaka 1415. Hiyo ilikuwa miaka 83 kabla ya merikebu za Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi. Ukuta huo wasimulia ushindi kwa macho ya mshindi. Mwalimu wa historia atapata hapo somo la kutosha.

Akipanda kilima hadi Kanisa Kuu, atakuta uani kwake vigae vya karne ya 18. Akienda mashariki ataona kanisa la Santo Ildefonso, lililofunikwa kwa vigae kiasi cha 11,000 vya Colaço, na kaskazini yake kanisa dogo la Capela das Almas. Makanisa haya mawili ni ya karne ya 18, lakini vigae vyake vya nje viliwekwa mwaka 1932 na 1929. Vivyo hivyo ukuta wa kando wa kanisa la Carmo, upande wa magharibi, ulivikwa mwaka 1912. Basi rangi ya samawati na nyeupe haitoshi kutaja umri wa kigae. Mafundi wa karne ya 20 waliiga kwa makusudi mtindo wa zamani.

Njiani asizipite nyumba za kawaida. Nyingi zilipata vigae katika karne ya 19, si kwa urembo tu, bali pia kuzikinga kuta na mvua za Atlantiki.

KWA NINI VIGAE HUBANDUKA?

Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, nayo huchukua chumvi. Kioo hakipitishi maji. Kwa hiyo unyevu hutafuta njia kwenye maungio na kwenye nyufa. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kufanya fuwele. Fuwele zikikua nyuma ya kioo huusukuma utando mpaka ukabambuka pamoja na picha yake.

Sababu ya pili ni kwamba bamba la udongo hunyonya unyevu na kutanuka polepole kwa miaka mingi. Kioo hustahimili kubanwa, lakini hakistahimili kuvutwa. Bamba likitanuka, kioo hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Binadamu naye huongeza madhara. Saruji ngumu itumiwapo kurudishia vigae huleta chumvi na kuzuia ukuta kupumua. Chokaa na mchanga hufaa zaidi. Wezi nao hung'oa vigae na kuviuza. Kwa sababu hiyo mradi wa SOS Azulejo ulianzishwa mwaka 2007 kutoka makumbusho ya polisi ya upelelezi ya Ureno, na sheria ya mwaka 2017 ikaweka ulinzi dhidi ya kubomoa kuta za nje zenye vigae. Picha ya vigae 100 ikipoteza vigae 5 tu, pengo lake huonekana na kila mpita njia.

MASWALI NA JARIBIO

1. Capela das Almas ina vigae 15,947 katika eneo la mita za mraba 360 hivi. Ikiwa kila kigae ni mraba, upande wake una urefu gani?

2. Chukua vipande viwili vya tofali la kuchoma. Kimoja kipake nta ya mshumaa upande wa juu. Visimamishe katika maji ya chumvi yenye kina kidogo kwa muda wa wiki mbili. Chumvi nyeupe yatokea wapi katika kila kipande? Eleza uhusiano wake na kigae.

3. Kwa nini kuziba maungio yote ya ukuta wenye unyevu kwa saruji kwaweza kuongeza madhara badala ya kuyapunguza?