Ada Yangu Imo Chamani, Mimi Simo

*Bwana Mshauri, mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma. Ada ya chama cha wahadhiri, UASU, hukatwa katika mshahara wangu kila mwezi, lakini mkutano wa tawi sijapata kuhudhuria hata mmoja. Tangu mgomo wa mwaka 2025 nafsi yanisuta, nataka nami nishike kazi chamani. Mume wangu asema ningoje hadi nipandishwe cheo, na mkuu wa idara amenitahadharisha kwamba majina ya watu wa chama hayasahauliki. Nifanyeje? — Mama Nasra, Mombasa.*

Mama Nasra, hofu aliyokutia mkuu wako wa idara haikuzuka hewani, bali ina tarikhi yake: chama cha zamani cha wahadhiri, ambacho Willy Mutunga alikuwa katibu wake mkuu, kilipigwa marufuku mwaka 1980, na Mutunga mwenyewe akatiwa kizuizini mwaka 1982, na wahadhiri walipojaribu tena mwaka 1993 kuiandikisha UASU, serikali ilikataa, wakagoma, na viongozi wao, Kilemi Mwiria akiwa miongoni mwao, wakafukuzwa kazi. Lakini maadamu tumeifungua tarikhi hiyo, tuisome mpaka mwisho: mwaka 2003 chama kiliandikishwa, Mwiria akawa waziri msaidizi wa elimu, na mwaka 2011 Mutunga akawa Jaji Mkuu wa jamhuri ile ile iliyomtia kizuizini. Sikutajii majina haya ili nikuahidi ukubwa. Nakutajia ujue kwamba haki unayosita kuitumia imekwisha lipiwa, na walioilipia walikuwa walimu kama wewe.

Leo ibara ya 41 ya Katiba yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake, na kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakataza mtu kufukuzwa au kuadhibiwa kwa sababu hiyo, mradi shughuli zenyewe azifanye nje ya saa za kazi, au ndani yake kwa idhini ya mwajiri. Sharti hilo lishike sana: usiache darasa ukaenda mkutanoni. Wala sisemi kwamba sheria huondoa kinyongo moyoni mwa mkubwa, kwani cheo chaweza kucheleweshwa kwa visingizio tele. Ndiyo maana nakuusia uwasilishe alama za wanafunzi kwa wakati, uchapishe makala zako, na nakala ya kila barua ya kuomba cheo, yenye muhuri wa kupokelewa, uiweke nyumbani.

Mume wako usimpuuze, kwani anachunga riziki ya nyumba. Mgomo uliofuata sheria, uliotanguliwa na notisi ya siku saba, haumfanyi mtu mvunja mkataba, lakini mwajiri halazimiki kulipa kwa kazi isiyofanywa. Kaeni pamoja mweke akiba kabla ya kuhitajika. Ila hilo la kungoja cheo silikubali, kwa kuwa hatari hii haimchagui mwanaharakati peke yake: mgomo ukija, utamgusa hata asiyewahi kukanyaga mkutanoni.

Na mgomo, dada yangu, ni sehemu ndogo ya chama. Ule wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, na jambo kubwa lililodaiwa lilikuwa deni la makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2017 hadi 2021, yaani ahadi iliyokwisha tiwa saini! Makubaliano yasiyosomwa na wanachama hayana wa kuyalinda, na aghalabu wahadhiri hodari wa kuchambua maandiko ya watu wengine hawajapata kuuona mkataba unaopanga mishahara yao.

Fikiri juu ya mhadhiri kijana aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wakubwa watano wamekaa upande wa pili wa meza, faili lake liko mikononi mwao, naye ana karatasi moja inayotetemeka. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamruhusu kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama; lakini mwakilishi huyo lazima awepo, awe ameusoma mkataba, na awe amezinukuu tarehe za barua zote. Kazi hii haina makofi wala picha magazetini, nami naithamini kuliko hotuba yoyote ya uwanjani.

Basi anzia hapo. Usigombee uenyekiti. Mwendee katibu wa tawi, umwombe nakala ya makubaliano na tarehe ya mkutano ujao, kisha ujitolee kuandika kumbukumbu, maana waandishi hukosekana daima. Idarani mwako waulize wenzako, mmoja mmoja, nani hajalipwa posho yake na tangu lini, ukaandike daftarini. Waulize na wahadhiri wa muda, wanaofundisha mihula mizima wakingoja malipo, ambao mara nyingi hakuna awaulizaye. Na daftari hilo ulifikishe mkutanoni kabla muhula huu haujafungwa.