Shafti Inacheza: Kitenzi cha Gereji na Istilahi za Injini Ndogo ya Jeti

Katika gereji za wazi za Riruta na Kawangware, fundi hakosi neno. Injini inakula oili, tabo inalia, shafti inacheza. Mwanafunzi wa fasihi ataiita tashihisi na kupita. Makala haya yanadai kwamba haraka hiyo ni hasara, kwani kila kitenzi hapo ni utambuzi wa hitilafu. Tutakichunguza kimoja, kucheza, kwa kukihamisha kutoka tabo ya matatu ya dizeli hadi injini ya jeti ya ndege za mfano.

Mitambo hii miwili ina udugu. Katika tabo, moshi wa injini huzungusha gurudumu moja. Shafti huzungusha la pili, nalo husukuma hewa kwenye silinda. Weka chumba cha mwako baina ya magurudumu hayo, moshi utokee nyuma kwa kasi, nawe umepata jeti. KJ-66, muundo uliojengwa na wengi tangu miaka ya 1990, hutumia gurudumu la tabo ya gari lenye kipenyo cha milimita 66. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Huchoma mafuta ya taa, yaleyale ya jikoni, yaliyochanganywa na oili kidogo ya kulainisha beringi.

Hapa ndipo neno linapotutega. Shafti ya tabo ya gari kwa kawaida huelea ndani ya bushi juu ya utando wa oili. Ikiyumba kidogo kando bila magurudumu kugusa ganda, fundi hana wasiwasi; ikisogea mbele na nyuma kwa kuhisika, ameona ugonjwa. Katika jeti ndogo hukumu hugeuka. Shafti hushikwa na beringi mbili za gololi zinazobanwa kwa springi: ukiisukuma dhidi ya springi itasogea, kisha itarudishwa, na hiyo ndiyo afya yake. Ikiyumba kando, isiwashwe, maana nafasi kati ya gurudumu na ganda ni sehemu ndogo tu ya milimita. Anayesema "inacheza" katika hali zote mbili amesema kweli, ila hajamsaidia mwenzake aliyeshika bisibisi.

Napendekeza kuyumba kwa mwendo wa kando na kusogea kwa mwendo wa kufuata mhimili, huku kucheza kukibaki neno mama. Waundaji wa istilahi wengi wangeanza na nomino. Binafsi naona ukarabati ni matendo, na vitenzi tayari viko gereji. Somo lenyewe basi lingesomeka hivi:

Kabla ya kufungua, tia alama kwenye nati, gurudumu na shafti, ili kila kimoja kirudi kilipokuwa. Rota iliyosawazishwa haivumilii mpangilio mwingine. Injini ikizimwa, ipulizie hewa hadi ipoe, la sivyo joto lililobaki litaunguza oili kwenye beringi ya nyuma. Ikishapoa, izungushe kwa kidole na kuisukuma taratibu: isiyumbe, isogee na kurudi, isikwaruze.