JE, SAYANSI IMEMWONDOA MUNGU MBINGUNI?



Karatasi hii umepewa bure. Labda umeipokea tu ili yule dada aliyekupa asijisikie vibaya, na sasa unataka kuikunja ufungie karanga. Subiri kidogo. Soma kwanza, karanga utafunga baadaye.

Somo hili ni lako wewe ambaye kanisani huendi. Umesoma, au unasoma. Fizikia umeigusa. Na moyoni unasema, "Haya mambo ya Mungu yalikuwa ya bibi na babu. Siku hizi watu wana darubini, ulimwengu umeeleweka, Mungu wa nini tena?" Hujasema kwa sauti, lakini umesema. Mimi sikulaumu. Nataka tuongee.

KOSA LANGU

Miaka mingi iliyopita, katika mkutano wa Injili, nilipomaliza kuhubiri alinifuata kijana mmoja mwenye daftari la shule mkononi. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mchungaji, mwalimu wetu anasema ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Biblia inasema Mungu aliumba. Nimwamini nani?" Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia hiyo ni roho ya mashaka, apige magoti nimkemee pepo. Yule kijana akanitazama, akafunga daftari lake, akaondoka zake. Sikumwona tena hadi leo.

Hakuwa na pepo yule. Alikuwa na swali. Mwenye kiburi na uvivu siku ile nilikuwa mimi, kwa sababu jibu sikuwa nalo na sikutaka watu wajue. Nimetubu mbele za Bwana, kisha nikaenda kutafuta vitabu. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyopaswa kumwambia yeye.

ANGALIA JUU

Kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu, usiku usio na mawingu, toka nje ukatazame Kilimia. Ni lile kundi dogo la nyota zilizosongamana kama vifaranga. Wazee wetu walilitumia kujua majira ya kulima, ndiyo maana likaitwa hivyo. Sasa sikiliza. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hadi kwenye uso wako inatumia dakika 8 tu na ushee. Lakini nuru ya Kilimia unayoiona usiku wa leo imesafiri miaka takriban 440. Ilipoanza safari, hata Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa. Ile ilianza mwaka 1593. Na Kilimia ni jirani zetu! Ile galaksi iitwayo Andromeda, nuru yake imekuja miaka kama milioni mbili na nusu.

Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anamuuliza Ayubu maswali, na kundi hilo hilo la Kilimia limetajwa kwa jina. Anamuuliza kama yeye ana uwezo wa kulifunga. Kwa hiyo usifikiri Biblia inaogopa watu kutazama nyota. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia Ayubu atazame.

ALIYEPIGA HESABU YA MWANZO

Huu Mlipuko Mkuu watu wanaoupigia kelele vijiweni, eti ndio uliomfukuza Mungu, unajua wazo hilo lilitoka kwa nani? Lilitoka kwa mtumishi wa kanisa.

Anaitwa Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1894. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza kama askari wa mizinga, akaona watu wanavyokufa, kisha akasomea hesabu na fizikia, na mwaka 1923 akapewa upadre. Ndiyo, padre wa Kikatoliki. Najua baadhi ya wapendwa wenzangu watakunja uso hapa, lakini kweli ni kweli.

Mwaka 1927 Lemaître alichukua kanuni za Albert Einstein, akapiga hesabu, akaona kwamba ulimwengu haujatulia mahali pamoja, bali unatanuka. Fikiria mkate wa kumimina wenye zabibu kavu. Hamira ikifanya kazi, unga unaumuka, na kila zabibu inaziona zabibu nyingine zote zikisogea mbali nayo. Ndivyo zilivyo galaksi. Mwaka huo huo alikutana na Einstein mwenyewe. Einstein akamwambia hesabu zako ni sahihi, ila fizikia yako ni mbovu! Mtu mkubwa kama yule. Lakini mwaka 1929 Edwin Hubble kule Marekani alionyesha, kwa vipimo vya darubini, kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi. Einstein akakubali.

Halafu mwaka 1931 Lemaître akasogea hatua nyingine. Kama unga unaumuka, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo zaidi. Rudi nyuma mpaka mwisho: vyote vilikuwa vimebanwa mahali pamoja. Ulimwengu ulikuwa na mwanzo.

Hapo ndipo wakubwa wakachukia. Wasomi wengi walipenda ulimwengu usio na mwanzo wala mwisho, ambao haukuulizi maswali. Mwingereza Fred Hoyle, mwaka 1949, akizungumza kwenye redio ya BBC, ndiye aliyelipa wazo hilo jina la Mlipuko Mkuu, na yeye mwenyewe hakulikubali mpaka anakufa.

KELELE KWENYE ANTENA

Mwaka 1964, jimbo la New Jersey, Marekani, vijana wawili wanasayansi, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe. Antena ikawa inatoa kelele. Wakiielekeza kusini, kelele. Kaskazini, kelele. Mchana, usiku, masika, kiangazi, kelele ile ile. Wakakuta njiwa wamejenga ndani na kuchafua. Wakawaondoa njiwa, wakasugua kinyesi chote. Kelele ikabaki!

Mwaka 1965 ikajulikana ni nini. Ni mabaki ya joto la ule mwanzo, nuru ya kale iliyopoa hadi kufikia nyuzi kama 270 chini ya sifuri, nayo imejaa kila upande wa mbingu. Unazikumbuka zile televisheni za zamani za antena, zilizokuwa zinaonyesha chenga stesheni ikizimwa? Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia moja hivi, ilikuwa ni mabaki hayo. Uswahilini kwetu tulikuwa tunaipiga televisheni kofi ili itulie, kumbe mwanzo wa ulimwengu ulikuwa unapita pale sebuleni.

Lemaître alikuwa mgonjwa alipoletewa habari hizo. Alifariki muda mfupi baadaye, mwezi wa sita mwaka 1966. Leo vipimo vya satelaiti vinauhesabia ulimwengu miaka kama bilioni 13.8.

USIKIMBILIE KUPIGA VIGELEGELE

Mimi niliposoma haya kwa mara ya kwanza niliruka. Nikaanza kuhubiri, "Sayansi imethibitisha Mwanzo 1! Haleluya!" Watu wakapiga makofi.

Halafu nikasoma kwamba mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alisema maneno yanayokaribia hayo hayo, na aliyesikitika alikuwa Lemaître mwenyewe! Hakutaka nadharia yake ifanywe ushahidi wa Mungu. Kwake yeye hesabu ni hesabu, na imani ni imani. Kesho akitokea mtu na hesabu bora zaidi, je, Mungu naye abadilike? Nikanyamaza. Nilitambua kwamba nilikuwa nimeegemeza imani ya watu kwenye antena.

Kwa hiyo sikudanganyi, ndugu yangu. Darubini haijamwona Mungu, na haijamkosa pia, kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inapima nuru, joto na mwendo. Ukimpima mama yako kwa mizani utapata kilo zake, hutapata upendo wake kwako. Je, upendo haupo? Waebrania 11:3 inasema jambo la uumbaji tunalifahamu kwa imani. Haikusema kwa vipimo.

Na kama umesikia wapendwa wakibishana kama siku za Mwanzo ni za saa 24 au ni za namna nyingine, usiache wokovu kwa ajili ya ubishi huo. Watu waliookoka kweli kweli hawakubaliani hapo. Siku ya hukumu hutaulizwa umri wa dunia.

LAKINI WEWE

Ukubwa huu wote unaweza kukutisha. Bilioni za nyota, na wewe hapa, huna ajira, nyumbani kuna matatizo, na kuna mambo uliyoyafanya ambayo mama yako hajui. Nani atakukumbuka? Daudi aliuliza hivyo hivyo katika Zaburi ya 8, akiitazama mbingu usiku: mtu ni nini hata Mungu amkumbuke?

Wanasayansi wanasema chuma kilichomo katika damu yako, hicho kinachoifanya iwe nyekundu, kilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Mwanzo 2:7 nayo inasema umetoka mavumbini. Mavumbi, ndiyo. Lakini tazama safari ya mavumbi hayo! Nyota hazijui kwamba zipo. Wewe unajua. Nyota hazitendi dhambi, wala hazilii usiku. Wewe unalia.

Na habari yenyewe ninayotaka uipate ni hii. Yeye aliyetandaza hayo yote hakukaa mbali. Alizaliwa na binti maskini, akalazwa mahali wanapolia ng'ombe. Akatembea kwa miguu, akachoka, akasikia njaa. Akatundikwa msalabani, na damu iliyotoka ilikuwa na chuma kama yako. Alimwaga kwa ajili ya yale mambo ambayo mama yako hajui. Siku ya tatu alifufuka. Jina lake ni Yesu. Hilo hesabu za Lemaître haziwezi kukupa, na Lemaître mwenyewe alilijua. Ndiyo maana aliendelea kuwa padre.

Ukitaka kumpokea, huhitaji maneno makubwa. Hapo ulipo, hata kama ni kwenye daladala, sema naye hivi:

Bwana Yesu, sijaelewa yote, na wewe unajua maswali yangu. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, ingia moyoni mwangu, uniongoze kuanzia leo. Amina.

Kama umeomba kwa kumaanisha, tafuta mtu aliyeokoka umwambie leo hii, usilale nalo. Kisha anza kusoma Injili ya Yohana sura ya kwanza. Utaona nayo inaanzia kule kule mwanzoni kabisa.

Na kama hujaomba kwa sababu swali bado lipo, mkutano unaendelea. Njoo nalo mpaka jukwaani, na daftari lako ukipenda. Safari hii nitakaa chini nikusikilize.