Kufuga Nyumbani na Haki ya Jirani: Somo kwa Wakazi wa Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Nyumba nyingi za Kyela hazikosi kuku uani, na baadhi zina mbuzi wawili watatu au nguruwe bandani. Mifugo hiyo hulipa ada ya shule, hugharimia matibabu na huwa akiba ya familia kabla mpunga haujavunwa. Somo hili halikusudii kumzuia mtu kufuga. Linakusudia kumwonesha mfugaji na jirani yake mahali ambapo haki ya mmoja hukutana na haki ya mwingine, na namna ya kuzilinda zote mbili.

Kinachovuka mpaka

Banda huwa ndani ya kiwanja chako, lakini mambo manne hutoka humo na kumfikia jirani: harufu, mnyama mwenyewe, maji machafu na ugonjwa. Mawili ya mwanzo huudhi na kuharibu bustani. Mawili ya mwisho huweza kuua.

Katika Kyela, maji ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ardhi ni tambarare, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani hadi ziwani. Wakati wa masika maji husimama viwanjani, shimo la samadi hufurika, na uchafu huingia katika visima vifupi. Kwa hiyo, kabla ya kujenga banda, subiri mvua kubwa inyeshe kisha uangalie maji yanaelekea wapi. Yakielekea kisimani, kwako au kwa jirani, tafuta mahali pengine.

Ugonjwa haujui uzio

Mwishoni mwa mwaka 2010, homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka Kyela, na mwaka 2011 ikaonekana hata Dar es Salaam. Ugonjwa huu hauambukizi binadamu, lakini hauna tiba na huua karibu nguruwe wote unaowapata. Huenezwa kwa nguruwe kugusana, kwa mabaki ya nyama, na hata kwa viatu na vyombo vya usafiri. Mfugaji anayeona nguruwe wake wanaanza kufa na kuharakisha kuwauza waliobaki anaokoa fedha kidogo na kuwafilisi wenzake. Toa taarifa kwa Afisa Mifugo siku hiyo hiyo, usihamishe mnyama, na usitupe mzoga mtoni.

Tegu ni hatari ya aina nyingine. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata malengelenge ndani ya nyama. Anayekula nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata mnyoo wa tegu. Mayai ya mnyoo huo, yakimezwa kwa mikono michafu, mboga au maji, huweza kusababisha uvimbe katika ubongo na kuleta kifafa. Anayemeza mayai hayo anaweza kuwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe. Kwa sababu hiyo, banda lililofungwa na choo bora huenda pamoja.

Kwa kuku, kideri huzuiwa kwa chanjo ya matone ya jicho, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ni vyema majirani wachanje siku moja.

Sheria zinazokuhusu

1. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 huongoza matumizi ya viwanja katika maeneo ya miji. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi kuwa cha biashara ya mifugo bila kibali.

2. Vijijini, matumizi ya ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999.

3. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Mkazi wa Matema au Itungi apime umbali huo kabla ya kujenga.

4. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 humpa Afisa Afya uwezo wa kushughulikia kero zinazohatarisha afya.

Idadi ya wanyama na umbali wa banda kutoka kwenye nyumba huweza kuwekwa na sheria ndogo za halmashauri. Omba kuzisoma katika ofisi ya Mtendaji kabla ya kununua mnyama wa kwanza.

Mfano

Mama mmoja anafuga nguruwe wanne. Baada ya mvua, jirani anaona maji ya banda yamefika kisimani kwake. Anaweza kwenda moja kwa moja ofisini kushtaki. Lakini akibisha hodi na kusema, “Jirani, nimekuja kwa amani, naomba twende tukaone maji yanapopita,” huenda mtaro mmoja ukamaliza shauri. Mama huyo naye ana wajibu: kuinua sakafu ya banda, kufunika shimo la samadi, kutandaza maganda makavu ya mpunga, na kuwapa samadi iliyooza wenye migomba na mikakao.

Wasipoelewana, mlalamikaji afuate ngazi hizi:

1. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa.
2. Mtendaji, akiwa na tarehe na maelezo ya kero kwa maandishi.
3. Afisa Afya au Afisa Mifugo wa Kata, aje akague.
4. Baraza la Kata, ambalo kazi yake ya msingi ni kusuluhisha.

Kumwekea sumu mnyama wa jirani ni kosa, hata kama kero ni ya kweli.

Maswali ya kujipima

1. Mvua ikinyesha leo, maji ya banda lako yataishia wapi?
2. Nguruwe wako wawili wakifa usiku mmoja, utamwarifu nani kwanza?
3. Je, jirani yako alijua unataka kufuga kabla hujaanza?

Wanyakyusa wana neno ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako kwa wema. Mfugaji anayejibu vizuri maswali haya matatu atakuwa ametunza mifugo yake na ukwangala pia.