Dondoo muhimu: Jumamosi kwa ndugu, Likasi

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120 kwa barabara ya taifa namba 1, njia ileile ya malori ya shaba na kobalti yatokayo Kolwezi. Ondokeni alfajiri, kabla hayajajazana.

La kuangalia zaidi ni kupita lori. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mitumba mjini mwetu yana usukani upande wa kulia pia. Dereva haoni kilicho mbele ya lori mpaka atokeze nusu ya gari. Anayekaa kushoto kwake ndiye jicho lake, basi asisinzie wala asichezee simu. Msipoona vizuri, subirini nyuma, bukari inayowangoja mezani haitakimbia.

Wekeni pesa ya peaje tayari, ya kwenda na kurudi.

Mama mukubwa, mwenyeji wenu huko Likasi, apigiwe simu tangu Ijumaa. Kumfikia ghafla watu sita ni kumtia aibu ya kukopa unga. Mchukulieni sukari, mafuta na sabuni.

Giza likiwakuta bado mezani, laleni hukohuko: lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa halionekani usiku.